Namba Iliyofanana na Anwani

Mtu wa kwanza kugundua kwamba kompyuta yetu inaogopa maji alikuwa mkurugenzi. Simchekelei. Alikaa nayo chumba kimoja misimu miwili ya mvua na akaona kwa macho yake mwenyewe: ziwa likipanda mashine inakwama, ziwa likishuka mashine inafanya kazi vizuri kabisa. Sisi wawili tuliosomea mambo hayo tulimweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Akatusikiliza mpaka mwisho, akatushukuru, akaenda zake kununua mchele.

Mchele ulikuwa wa kunyonya unyevu. Alikuwa ameona mkahawani punje za mchele ndani ya kichupa cha chumvi, akauliza, akaambiwa ni za kuzuia chumvi isigande, na hakuona sababu gani mchele ukubali kulinda chumvi ukatae kulinda kompyuta. Viroba vikapangwa kuzunguka meza hadi tukawa tunapita upande upande. Panya wakaja. Panya wakatafuna waya, na mashine ikazimika wakati ziwa liko chini kabisa, jambo ambalo mkurugenzi alisema halihesabiki kwa sababu halikusababishwa na maji.

Hii ilikuwa Kisumu, miaka ya tisini, wakati gugu maji lilikuwa limeifunika ghuba hata mgeni angedhani ni shamba la mtu. Mradi wetu ulikuwa wa kupima kina cha ziwa. Chini ya gati kulikuwa na chombo kilichohisi uzito wa maji yaliyo juu yake, na kila baada ya dakika chache kilituma namba kwa waya hadi ofisini. Programu ilipokea namba hizo, ikazilinganisha na zilizotangulia, ikachora mstari wa kupanda na kushuka. Basi. Ni kazi ambayo nguzo yenye alama na mtu mwenye macho mazima wangeifanya bila umeme, lakini wafadhili walitaka kompyuta na mimi nilitaka ajira.

Lugha iliyotumika kuandika programu hiyo niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa kijana mwenye kiburi na lugha zilizokuwepo hazikunitosha. Na ndani ya lugha hiyo nilimweka mfagiaji.

Nitamweleza mfagiaji kama nilivyomweleza mkurugenzi, yaani kwa mfano wa soko. Memori ya mashine ni soko lenye vibanda vingi. Programu ikitaka kuweka kitu hupewa kibanda, na anwani ya kibanda hicho ni namba tu. Ikishamalizana na kitu hicho, hairudi kusema asante wala kukabidhi ufunguo. Kwa hiyo mara kwa mara mfagiaji hupita. Anatazama ni anwani zipi programu bado inazishika mkononi. Kibanda ambacho anwani yake bado inashikwa, anakiacha. Kibanda ambacho hakuna anayeishika anwani yake, anakibomoa, na nafasi inapewa mwingine. Asipofagia, soko hujaa, na soko likijaa mashine hukwama.

Ugumu ni huu. Ndani ya mashine anwani ni namba, na kina cha maji nacho ni namba, na hazina rangi ya kuzitofautisha. Mfagiaji akikuta namba fulani mkononi mwa programu, atajuaje kama ni maji au ni kibanda? Hapo ndipo watu wa kazi yetu wanapogawanyika. Wako wanaotaka mfagiaji wa hakika: kila namba ipewe kibandiko kinachosema mimi ni anwani au mimi si anwani, hata kama itabidi kuandika upya kila mstari wa lugha. Na wako wanaotaka mfagiaji mwenye tahadhari, asiyehitaji kibandiko chochote. Huyu akikuta namba inayofanana na anwani, anaichukua kuwa ni anwani, na kibanda anakiacha kisimame. Akikosea, ameacha taka kidogo sokoni. Hajabomoa kibanda cha mtu.

Mimi nilimwandika mwenye tahadhari, na mpaka leo sioni aibu. Uchafu ndani ya nyumba unavumilika. Kutupa kitu ambacho mwenyewe bado anakihitaji ni balaa.

Mwenzangu hakukubaliana nami hata siku moja. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, alikuwa amesomea Nairobi, na pale ofisini sote tulimwita Mama, mkurugenzi pia, ingawa mkurugenzi alikuwa na umri wa kumzaa. Aliishi mtaa wa Kaloleni, na binti yake wa pekee alikuwa shule ya bweni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kumtukana mfagiaji wangu. Siku moja nilipokuwa namtetea kwa mara nyingine, akaweka kikombe chini na kusema, "Huyu mfagiaji yako ni kama watu wa bwana yangu. Hawatupi kitu." Kisha akanieleza, kwa sauti ileile aliyotumia kueleza makosa ya programu.

Mumewe alivuka ziwa kwenda Mwanza katikati ya miaka ya themanini kununua nyuzi za nyavu. Alisema atarudi Jumapili. Mashua ilifika salama, watu walimwona akishuka na mfuko wake, na hapo ndipo habari zake zinapokatika. Mama alimtafuta. Alivuka mwenyewe mara mbili, akauliza polisi, akauliza hospitali, akauliza wauza nyuzi wote. Miaka ilipopita akawaomba wakwe zake wafanye kile ambacho desturi ya huku inaruhusu: mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa yago mahali pake. Yago ni lile tunda refu la mvungunya, gumu, zito kama mtoto. Huchimbiwa kaburi, huliliwa, na kuanzia hapo mtu huyo amekufa mbele ya wote.

Wakwe wakakataa, kwa sababu kuna mtu alikuwa amemwona.

Daima kulikuwa na mtu aliyemwona. Kila Mama alipoomba, ukoo ulikaa, ukasikitika, ukakaribia kukubali, kisha mtu mmoja akakohoa kule nyuma na kusema ni vigumu kusema amekufa wakati yeye binafsi alimwona Busia akiuza magodoro. Alikuwa na ndevu, lakini ni yeye. Mwaka mwingine alionekana Kampala akihubiri. Mwaka mwingine Migori, akiwa mfupi kidogo. Shemeji mkubwa, kaka wa huyo mume, alimwona mgongo tu, ukiingia dukani, naye aliapa kwamba mgongo anaujua kwa sababu walilala kitanda kimoja utotoni. Kila mgongo na kila ndevu iliongeza maisha ya mtu yule kwa mwaka mzima.

Na kwa mke, mume aliye hai ni hai kweli. Nyumba yake kule kwa wakwe ilikuwa imeinama kabisa, inashikiliwa na miti miwili, na haikuwezekana kujengwa upya. Mume ndiye huanzisha nyumba ya mkewe. Akifa, kuna wa kusimama mahali pake. Asipokuwepo wala asipokufa, hakuna mkono unaoruhusiwa kugusa nguzo. Lakini nyumba haikuwa jambo kubwa, alisema. Jambo kubwa ni kwamba hakuwahi kumlilia. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo, na kila macho yalipomjaa machozi palikuwa na mwanamke wa ukoo wa kumshika mkono na kumnyamazisha. Hicho ndicho alichokitaka, alisema. Alitaka kulia mara moja, kwa sauti, kama mke wa mtu.

Nilijisikia vibaya sana, na kwa kuwa sikujua la kusema nikasema kwamba hata hivyo mfagiaji ni jambo tofauti. Akachukua kikombe chake na kurudi kwenye meza yake.

Mvua za masika zikaja, ziwa likapanda, mashine ikakwama. Mkurugenzi sasa akawa na amri mpya kila wiki. Alikataza samaki ofisini wakati wa chakula cha mchana. Alikataza kutundika miavuli. Akakataza neno ziwa lisitamkwe ndani ya chumba cha mashine, kwa hiyo tukawa tunasema "kile kitu" kimepanda, "kile kitu" kimeshuka, na wageni walidhani tunazungumzia bei ya sukari. Hatimaye akafanya uamuzi wa kiume, kama alivyouita mwenyewe. Ofisi ingehama. Mradi wa kupima ziwa ungeondoka kando ya ziwa.

Tukahamia Kisian, kwenye barabara ya Busia, nyumba ya mawe chini ya kilima, pakavu hata mimea ilikuwa inasikitika. Waya haukuweza kufika huko. Namba zikawa zinanaswa kwenye diski kule gatini, na mimi ndiye nilipewa baiskeli ya kuzileta, diski zikiwa ndani ya mifuko mitatu ya nailoni ili zisije na unyevu. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu. Nilipita kila asubuhi nikipiga kengele kati ya ng'ombe na lori za mchanga, nimebeba kina cha ziwa mgongoni.

Kuhama huko kulikuwa na matokeo ambayo mkurugenzi hakuyafikiria. Boma la wakwe zake Mama lilikuwa nyuma tu ya kilima hicho. Siku ya tatu shemeji mkubwa akaingia kutusalimu. Siku ya nne akaja saa ya chakula. Baada ya hapo akawa kama mfanyakazi, tofauti ni kwamba alikuwa hachelewi. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mwenye kusikitika kweli kwa ajili ya nduguye, na kati ya tonge na tonge alitupa habari za wapi ameonekana wiki hiyo. Mama akamwongezea mboga.

Kisha mashine ikakwama. Juu ya ardhi kavu, mbali na maji, kati ya kuta za mawe, siku ileile ambayo diski zilionyesha kile kitu kimepanda. Mkurugenzi alikaa kwenye kiti na kuvua viatu. Aliuliza, kwa unyonge ambao sijausahau, mashine imejuaje.

Mama akasema hilo ni swali zuri. Akachapisha yote yaliyokuwa ndani ya memori wakati wa kukwama, karatasi zikafunika sakafu, naye akavua viatu pia na kutembea juu yake akiwa ameinama. Siku ya pili akaniita nipige magoti kando yake. Akaweka kidole kwenye namba moja. Ilikuwa kina cha maji cha Jumanne asubuhi. Akaweka kidole kingine mbali kidogo. Ilikuwa anwani ya kibanda cha zamani, kilichokwisha kazi. Namba zilikuwa sawasawa.

Nikaelewa kabla hajasema, na nikatamani sakafu inimeze. Chombo chetu kilitoa namba kubwa. Wakati wa kiangazi zilikuwa chini ya anwani zote za vibanda, kwa hiyo mfagiaji wangu alizipita. Masika yalizipandisha hadi zikaingia katikati ya anwani. Mfagiaji akikuta kina cha Jumanne anasema, labda hii ni anwani, heri niache kibanda. Na ndani ya kibanda hicho kipimo kilikuwa kimemshika mkono mwenzake aliyemtangulia, naye kamshika wa nyuma yake, foleni ndefu mpaka mwezi uliopita. Namba moja ya maji ilizuia soko zima. Kwa maana hiyo, ziwa lilipopanda, ni kweli kabisa kwamba liliingia ndani ya kompyuta.

"Nilisema," alisema mkurugenzi. Alivaa viatu vyake, akatoka nje, na tulimwona akitembea uani peke yake, mikono nyuma, mtu aliyetendewa haki.

Nilibishana, bila shaka. Nilipendekeza tupunguze namba, tuzigawe kwa mbili, tuzigeuze. Mama alisema anaweza kunyoa ndevu za kila mtu Busia pia, lakini haitamaliza shida. Akaanza kuandika mfagiaji wa hakika. Ilimchukua majuma mengi, kubandika kila namba katika lugha yangu yote, na kwa uungwana alinipa kazi ya kubandika sehemu nilizoandika vibaya zaidi.

Siku ya kumjaribu, mkurugenzi alivaa tai. Shemeji mkubwa alivuta kiti chake karibu na sahani yake. Mfagiaji mpya akapita, soko likabaki safi hata tukashangaa, na kisha mstari wa ziwa kwenye kioo ukaanza kushuka. Ukashuka mpaka chini kabisa ukakaa hapo. Kwa mujibu wa mashine, Ziwa Viktoria lilikuwa limekauka. Mkurugenzi aliangalia kioo, akatuangalia, akatoka mbio na kupanda kilima, na shemeji nyuma yake na tonge mkononi, kwenda kuona kama bado lipo.

Lilikuwepo. Kilichotokea ni kwamba mahali pamoja, kwenye sehemu yangu, anwani haikubandikwa. Mfagiaji wa hakika hana subira na kitu kisicho na kibandiko. Alikuwa amebomoa kibanda kilichokuwa kinatumika, chenye vipimo vya siku ile. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia Mama, ona sasa, wangu alijaza soko lakini hakumwua mtu. Hakukasirika. Alikaa akitazama ule mstari wa chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni kweli," alisema. "Huyu akikosea, anakosea vibaya. Kwa hivyo lazima mtu aulize vizuri kwanza."

Akabandika ile anwani. Mfagiaji akapita tena, ziwa likarudi mahali pake, na mashine haikukwama tena masika yote, hata wiki zile maji yalipofika kwenye mbao za gati. Mkurugenzi akaruhusu samaki. Shemeji mkubwa, ambaye alikuwa ameona kila kitu, akaondoka siku hiyo bila kumaliza chakula, na kesho yake akaja kumwambia Mama kwamba kama bado anataka, ukoo uko tayari kukaa.

Tulikaa Jumamosi, uani kwa mama mkwe, sisi wa ofisi tukiwa wageni kwa sababu mkurugenzi alijialika na kunialika. Mama mkwe alikuwa mzee sana, amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu imenyooshwa. Mkurugenzi akaomba nafasi ya kusema machache. Akasimama na kuueleza ukoo habari za mfagiaji mwenye tahadhari na mfagiaji wa hakika, kwa sauti ambayo nilijua anaitumia kanisani, na wazee wawili walioamini kuwa ni mahubiri wakawa wanaitikia amina. Alipofika kwenye namba inayofanana na anwani alipiga kiganja kwa ngumi. Akasema kufanana si kitu. Akasema yeye mwenyewe amepanda kilima kutafuta ziwa zima lililotupwa kwa haraka, kwa hiyo pia haraka si kitu. Akakaa akiwa ametoka jasho, na sidhani kuna aliyeelewa, lakini kila mtu alimheshimu.

Ndipo wakaanza kumwona. Alionekana Busia, alionekana Sori, alionekana Mwanza kwenyewe, amenenepa. Safari hii Mama hakungoja wamalize. Aliwageukia mmoja mmoja, kwa adabu, akamwuliza kila mmoja maswali yaleyale. Baba, ulimwita? Aligeuka? Ulimfikia? Alikupa neno lolote la mtu yeyote hapa? Wa kwanza alisema gari lilikuwa linaondoka. Wa pili alisema hakutaka kumwaibisha mbele ya wateja. Wa tatu alisema alimwita, na mtu yule akageuka, na akawa ni Mkamba. Palikuwa na kicheko kidogo kikafa chenyewe. Shemeji mkubwa alibaki wa mwisho, na alipofikiwa alitazama mikono yake akasema aliuona mgongo tu. Aliingia dukani nyuma yake, na dukani hakukuwa na mtu.

Sasa mama mkwe akauliza kwa Kiswahili, ili sisi wageni tusikie, "Na kama tunazika yeye, halafu anarudi?"

Hilo ndilo lililokuwa hoja yangu yote tangu nianze kazi, na kutoka kinywani mwake halikuwa hoja. Nilimwonea huruma bibi yule hata nikatamani Mama ashindwe.

Mama alipiga magoti mbele ya ile ngozi. "Mama, mimi sisemi amekufa," alisema. "Hata mimi siku zingine naona yuko. Nasema hakuna mtu hapa ako na njia ya kufika kwake. Na yeye kama yuko, njia ya kufika hapa anajua."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na bado sijasikia ikielezwa vizuri zaidi. Mfagiaji, hata awe wa hakika namna gani, hajui kilichokufa na kilicho hai. Anajua tu kile ambacho hakuna aliyebaki na njia ya kukifikia. Nilikuwa nimeliandika jambo hilo kwa mkono wangu, katika lugha niliyoitunga mwenyewe, bila kulifikiria.

Bibi akasema, "Mimi pia nimechoka kushika machozi." Akaomba ainuliwe.

Yago likatafutwa. Nilitumwa mimi na shemeji mkubwa kwa sababu nilikuwa na baiskeli. Chini ya mvungunya wa kwanza shemeji alikataa tunda, akisema nduguye alikuwa mrefu. Chini ya mti wa pili alikataa, akisema nduguye hakuwa mnene hivyo. Nilimkumbusha kwamba wengi wamemwona amenenepa, akafikiri, akasema pale Mwanza labda, lakini hapa tunamzika kama alivyoondoka. Tulizunguka nusu siku. Lile alilolikubali hatimaye halikuwa na tofauti yoyote ninayoiona mimi, ila alilipokea kwa mikono miwili, akalifunga kwenye shuka jipya, na akakataa kabisa lipande baiskeli. Alitembea nalo kifuani mpaka nyumbani na mimi nikasukuma baiskeli nyuma yake.

Lilizikwa siku iliyofuata kwa mvua. Mkurugenzi alisimama ukingoni mwa kaburi na mwavuli, na niliona kwamba hakuushika juu yake mwenyewe wala juu ya mchungaji. Alikuwa analifunika tunda lisilowe. Shuka liliposhushwa, mwanamume mmoja nyuma yangu, aliyechelewa kufika, akaniegemea na kuanza kuninong'oneza kwamba juzi tu, pale stendi ya Busia, alikuwa ameona mtu. Nikamkanyaga mguu.

Mama alianza kwa sauti ya chini, kana kwamba hakuwa na hakika bado ameruhusiwa. Aliwatazama wanawake wa ukoo, wale waliomshika mkono miaka yote. Hawakusogea. Ndipo sauti ikatoka, kali, ndefu, ikapita juu ya mvua na juu ya wimbo wa kanisa hadi wimbo wenyewe ukanyamaza, naye akatembea kuzunguka kaburi akimwita mumewe kwa jina, akimwuliza zile nyuzi ziko wapi, na Jumapili gani ile aliyoisema, na mama mkwe akajikokota nyuma yake ameshika nguo yake asianguke, wakilia pamoja. Alilia mpaka udongo ukajaa, na alipomaliza akakaa chini matopeni na kulia tena, na hakuna aliyemwambia anyamaze.